Shaibu Hanywi Tena kwa Kengele

Mama,

Nianze na neno ambalo sijamwambia mtu yeyote: nina wivu. Si wivu wa kanga wala wa viatu. Namwonea wivu Mama Hadija, mke mwenzio, kwa sababu yeye ana maziwa kifuani na mimi nilikuwa na chupa. Hata salamu nimeisahau kwa haraka ya kulitoa hili. Shikamoo, Mama.

Tangu tulipokuzika, huyu mdogo wangu Shaibu amekuwa wangu. Baba aliniwekea mikononi siku ile ile, watu wakiwa bado wamekaa kwenye mikeka, akasema, "Somoe, shule umemaliza. Huyu sasa ndiye kazi yako." Hakusema kwa ukali. Hakujua pa kumweka. Na mimi, tangu majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yasomwe bila langu, nilikuwa naona haya hata kwenda kisimani. Kwa hiyo kupewa mtoto niliona kama nimechaguliwa mahali pengine.

Nesi wa zahanati alinipa chupa na kunifundisha. Nilikuwa naichemsha pamoja na chuchu yake ya mpira katika ile sufuria yako ndogo ya uji, napima maziwa ya unga ya kopo kwa kijiko, nasawazisha kwa kisu, nakoroga, nadondoshea kwenye mkono kuona kama yamepoa. Saa hatuna, nikawa nafuata kengele ya shule. Ya asubuhi, chupa. Ya mapumziko makubwa, chupa. Ya kuondoka, chupa. Shaibu akinywa alilala fofofo, nami nikapata muda wa kufua na kutwanga. Nilijiona mama hodari.

Ng'ambo ya ua mambo yalikuwa mengine. Unakumbuka Mama Hadija alijifungua siku chache tu kabla yako. Huyo Hadija wake alikuwa habanduki. Ananyonya, anasinzia, sijamaliza kusuuza vyombo ananyonya tena. Mama yake alikuwa anapepeta mchele huku mtoto yuko kifuani. Kisimani Bi Mwanaisha akawafanya kichekesho. Alisema wa kopo analala kama mwenyekiti wa kijiji baada ya mkutano, na wa ziwa anahangaika kama mtu aliyefunga Ramadhani asijue jua litazama lini. Wanawake wakacheka. Nilicheka na mimi, Mama, nikatazama chini ili wasione jinsi nilivyofurahi.

Nilifurahi kwa sababu niliamini maziwa ya Mama Hadija ni mepesi kama maji ya kuoshea mchele. Mtoto aliyeshiba si hulala? Wangu alikuwa analala. Tena kulikuwa na jambo jingine lililoniudhi. Kila Shaibu alipolia, yule mama alivuta kanga kifuani na kugeukia ukutani. Nikasema moyoni, ona anavyojificha, anaona mtoto wa mwenzake hafai hata kumwona mwanawe akinyonya. Wewe ulinifundisha kumheshimu, na nilimsalimia kila asubuhi. Lakini nilimsalimia nikiwa natazama miguu yake.

Kisha mvua zikaanza na maji ya kisima yakawa mekundu. Nilichemsha kama nilivyofundishwa, lakini kuni zilikuwa mbichi na moto ulikuwa unakufa. Tumbo la Shaibu likaanza kumwendesha. Duka la kijiji nalo likabakiwa na chumvi na viberiti tu. Lori la bidhaa kutoka Mtwara mjini lilikuwa limekwama, na hakuna aliyejua litafika lini. Nilitikisa kopo langu la mwisho nikasikia kijiko kinagonga bati.

Nikambeba mpaka zahanati. Nesi, yule wa kutoka Songea, alimpima, akampima tena. Hakuwa ameongezeka hata kidogo. Alinieleza jinsi ya kumpa maji kidogo kidogo, na mimi niliitikia kwa kichwa, lakini nilikuwa na swali langu na nilikuwa nimelibeba njia nzima. Nikamwuliza kama ni kweli maziwa ya mama yakiwa mepesi, mtoto hunyonya kila saa bila kushiba. Jibu nilikuwa nalo tayari. Nilitaka tu lipitie kinywani mwake, nilipeleke nyumbani.

Nesi hakunicheka. Alinikalisha kwenye benchi akasema mtoto mchanga wa ziwa kunyonya mara nane, mara kumi, hata kumi na mbili kutwa kucha, ndivyo anavyotakiwa. Tumbo lake ni dogo, na maziwa ya mama husagika upesi, kwa hiyo huyadai tena upesi. Ya kopo ni mazito, hukaa tumboni muda mrefu. Ndiyo maana wa chupa hukaa saa tatu au nne bila kuuliza. Kulala kwake si dalili ya kushiba vizuri kuliko mwenzake. Akaongeza kwamba ziwa likinyonywa mara nyingi ndipo linapotengeneza maziwa mengi, na kuna wanawake wanaonyonyesha mapacha na yanawatosha wote wawili. Halafu akaniuliza huyo mama niliyekuwa namsema ni nani.

Nikamwambia.

"Mdogo wangu," akasema, "kama yuko uani kwenu, unangoja nini? Kamwombe."

Njia ya kurudi inapita katikati ya shamba la ujamaa la mikorosho. Nilitembea polepole. Hakuna mwingine aliyemsikia Nesi. Nikawaza: kwa chupa Shaibu ananihitaji mara chache kwa siku, lakini mara zote hizo ni zangu. Akienda kwenye ziwa, atamhitaji yule mara nyingi kupita hizo zote, na mimi sitahitajiwa hata mara moja. Ningeweza kunyamaza na kungoja lori. Nilisimama kumfunga vizuri mgongoni, nikagundua kwamba tangu nitoke zahanati sikuwa nimesikia uzito wake. Alikuwa mwepesi kama kanga iliyokauka. Nikaogopa, Mama. Nikaanza kukimbia.

Mama Hadija alikuwa anamenya muhogo. Unanijua nisivyojua kusema. Nilisimama mbele yake nikachora chora chini kwa kidole cha mguu, nikatoa maneno vipande vipande, na ndani yangu bado kulikuwa na sehemu inayoomba akatae. Angekataa, ningekuwa na haki ya kumchukia.

Aliweka kisu chini. "Nilikuwa nangoja uniombe wewe," akasema.

Kisha akanieleza, bila kunitazama. Mke mwenza akimchukua mtoto wa mwenzake aliyekufa bila kuombwa, watu watasema alikuwa akisubiri hayo. Watasema alimtaka mume peke yake na mtoto pia. Neno lilipaswa litoke kwa mtu wako, na mtu wako humu uani ni mimi peke yangu. Bibi, mama yako, yuko mbali, Mpapura. Akaishusha kanga. Gauni lilikuwa limelowa mpaka tumboni. Alisema kila Shaibu anapolia maziwa yanatoka yenyewe, hawezi kuyazuia, na alikuwa anaona aibu nisije nikayaona nikadhani ananiringishia.

Ndipo nikajua alichokuwa anakificha ukutani.

Shaibu alikataa kwanza. Alikuwa amezoea chuchu ya mpira, akawa anageuza uso na kulia. Mama Hadija akaniambia, "Mshike kichwa wewe, mkono wako anaujua." Nikamshika. Alipokamata alinyonya kwa sauti mpaka Hadija akaamka.

Sasa hanywi tena kwa kengele. Inalia ya mapumziko yeye ameshanyonya, amesinzia, ameamka na anadai tena. Tumbo limetulia. Nesi amempima na safari hii alitabasamu. Baba alisema "Afadhali," akaenda shambani. Bi Mwanaisha sasa anasema ua wetu una wenyeviti wawili wasiolala. Mimi namchotea Mama Hadija maji na kumpikia uji wa mtama na kisamvu, kwa maana anakula kama wanaume wawili na anakunywa mtungi mzima.

Lakini wivu haujaisha. Nilidhani nikifanya jambo jema utaondoka. Shaibu akinyonya anainua macho anamtazama Mama Hadija usoni, muda mrefu. Mimi hakuwahi kunitazama hivyo. Alikuwa anatazama chupa. Akirudi kwangu ananuka maziwa ya yule. Na kuna wivu mwingine, wa kwako. Ulikuwa unanisimulia nilivyokuwa mchanga, kwamba ulipalilia karanga na mimi nikining'inia kifuani, sikupi hata nafasi ya kufunga kanga. Ulikuwa unacheka ukisema hivyo. Shaibu alikunyonya jioni moja tu. Kutazamwa kule kulikuwa haki yako, na mimi siwezi kukupokea kwa niaba yako, lakini Mama Hadija anaweza.

Siku ya kwanza Mama Hadija alisema kitu ambacho sijakisahau. Alisema hatakuja kumchukua Shaibu ndani kwetu hata akilia namna gani, nimlete mimi. Kwa hiyo kila akidai ni mimi ninayembeba kumpeleka ng'ambo ya ua, mchana kutwa, mpaka miguu inauma, na sijawahi kulalamika.

Pumzika, Mama. Mungu akulaze pema. Nakuahidi atakapoanza kuuliza nitamwambia jina lako kabla ya majina yetu sote, na nakuahidi sitamwacha alie kwa njaa kwa ajili yangu. Ila kuna jambo moja. Njia ya kwenda kwa Mama Hadija ni fupi, ni kuvuka ua tu. Mimi simpitishi hapo. Nazunguka nyuma ya jiko, napita kwenye mipapai, namwimbia kidogo, ndipo ninamfikisha. Nadhani Mama Hadija anajua, lakini hajasema. Wewe nawe usimwambie mtu.

Mwanao,
Somoe