Ukurasa Aliokomea Baba

Leipzig, Ujerumani

Mama yangu mpendwa,

Mwangaluka, mayu. Unapata usingizi? Unakula? Najua wageni wa msiba wameshaondoka na nyumba imekuwa kubwa. Mimi mwili ni mzima, kuhusu moyo sina la kuandika. Mazishi niliyatazama kwenye simu, picha ikikatika kila mlipoanza kuimba.

Kaka Shija amenipigia kuhusu kikao cha Jumamosi cha kugawa vitu vya Baba. Anasema Shangazi Milembe hataki mtu yeyote arithi kile kifaa cha kusomea vitabu nilichomtumia Baba. Alikikuta kitini, hakina mwanga, hakijachomekwa popote, lakini ukurasa uko wazi. Akawaambia, "Mwenyewe hajamaliza. Kitieni kaburini kabla fundi hajalijengea." Shija anataka nimweleze Shangazi kwamba ule ni wino wa kielektroniki tu, kwamba kifaa hutumia chaji kinapogeuza ukurasa, kisha maandishi hubaki palepale hata chaji ikiisha.

Ni kweli. Ila sina nguvu ya kuisema kweli hiyo.

Unakumbuka Shija alivyomletea Baba kishikwambi kutoka Mwanza, kizuri, cha rangi. Baba akikaa nacho nje, karibu na shamba la pamba, jua linamwonyesha uso wake mwenyewe badala ya maandishi. Akisomea ndani, macho yanamchoma. Akianza sura, unaingia ujumbe wa walimu wastaafu wenzake, na kitabu kinaishia hapo. Mwishowe wajukuu wakakichukua, wakajaza michezo. Nilipomtumia hiki kisicho na rangi, majirani walimcheka: Mwalimu, kitu gani hiki, hata mpira hakionyeshi? Yeye akakuza herufi mpaka mstari ukabeba maneno machache tu, akasoma juani. Aliniambia, "Kabula, hiki hakiniiti. Kinaningoja."

Tulikuwa tunasoma kitabu kimoja, yeye huko, mimi huku. Siku zote alikuwa mbele, akinitania kwamba ng'ombe wa nyuma hunywa matope. Tangu aondoke sijafungua changu. Naogopa nitampita bila kujua.

Mama, usibishane na Shangazi. Kifaa kiende na mwenyewe. Ila kabla ya Jumamosi kichukue wewe, usibonyeze popote, asikichaji mtu, unipigie unisomee mstari wa mwisho wa ukurasa ule. Nitasoma mpaka hapo, nami nikome.

Msalimie mdogo wangu Sayi, namshukuru kwa kulala nawe chumba kimoja siku hizi. Msalimie Bibi, mama yake Baba, kule Malampaka; mwambie nalia kama yeye, ila huku nalia kimya kwa sababu kuta ni nyembamba. Kaka Shija mwambie kishikwambi kilikuwa zawadi njema, Baba alikisifu mbele za watu.

Na Shangazi Milembe mshike mkono kwa niaba yangu, mkono wa dada aliyefiwa na kaka. Habari za wino usimwambie.

Mwanao,
Kabula