Maganda Yaliyong'aa Kupita Kiasi

Jumapili, Gitothua. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya kuvaa soksi mbili. Mimi niko sawa. Niko sawa kuliko sawa.

Niseme mapema ili anayesoma ajue anasoma habari za nani. Kutoka hapa Ruiru hadi Thika, upite Theta uende na uwaulize, hakuna mtu mwenye bahati kama Wafula. Nimekula chakula cha Juba, nimelinda geti Dubai kwenye joto la kukaanga yai, na popote nimeshika kazi, kazi imenishika vizuri. Miaka sita nimekaa kwenye meza ya risasi pale klabu yetu ya shabaha, na sijawahi kumharibia mtu hata risasi moja. Huu mkono nilizaliwa nao ukiwa na bahati ndani.

Na jana meza imebaki! Walitaka kuifunga, haijafungwa. Wameze mate.

Kwa asiyejua: klabuni kwetu watu wanapiga shabaha za karatasi, mita mia tatu, na kila bunduki ina karatasi zake za serikali. Risasi ikishalia, ganda lake la shaba linabaki. Mimi nalikusanya, nalisafisha, nalibana shingo yake irudi saizi, kisha nalijaza upya, yote chini ya kibali cha klabu na kufuli mbili. Kazi yangu yote iko kwenye ile shingo. Ndiyo inashika kichwa cha risasi. Ikikishika sana, kinatoka na kasi nyingine. Ikikishika kidogo, kasi nyingine tena. Mkono wa mpigaji unaweza kuwa wa malaika, lakini shingo zisipofanana, risasi moja itapiga juu na mwenzake chini.

Hayo sikufundishwa darasani. Mimi darasa niliachia la saba.

Na hapo ndipo katibu wetu, Gitau, kijana wa Membley mwenye kalipa ya kidijitali, kile kipimo cha kubana, kifuani kama kalamu ya daktari, aliponishikia. Amekuwa akiimba wimbo mmoja tangu Januari: tununue risasi za kiwandani kutoka ng'ambo, meza ifungwe, fundi hana cheti.

"Fundi, hizi zako ni risasi ama ni njugu?" aliniuliza mbele ya watu.

"Ni njugu, bosi. Lakini zangu zinatoboa leo. Zako bado zinangoja meli."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mimi sichokozwi nikanyamaza. Kumbuka hilo, kwa sababu nitalirudia.

Kamati ikaamua hivi: Jumamosi mbili za kuchagua timu, alama zijumlishwe, wanne wa kwanza waende mashindano Arusha. Na Mama Shiro apige na risasi zangu, Jumamosi zote mbili. Zikifanya vizuri, meza ibaki.

Mama Shiro ni nesi mstaafu, mwembamba kama mwiko, na akilala kwenye mkeka na bunduki yake hata inzi anaogopa kumsumbua. Yeye ndiye alinitafutia hii kazi. Nilikuwa nalinda geti la klabu, akaniona nikichezea maganda, nikiyapanga kwa urefu bila kuambiwa. Akamwambia mwenyekiti, "Huyu ana macho. Mtoe kwa geti." Arusha aliitaka sana. Alishatengeneza pasipoti, akanunua mpaka kofia.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa mbaya.

Risasi zake zilipanda, zikashuka, zikapanda. Karatasi ilionekana kama ngazi. Gitau akaja na kalipa yake, hata hakupima, akatabasamu tu. Mama Shiro akaniangalia. Nikamwambia, "Ni upepo, mama. Upepo wa leo si mzuri."

Akasema, "Haya." Hivyo tu.

Jumanne nikarudi kwenye meza kama mtu anayeenda vita. Nikachukua maganda ya seti yake na kuyajaza moja moja, polepole, nikisikiliza mkono wa mashine. Hili laini. Hili gumu. Hili laini. Hili gumu kama kufunga mlango uliovimba kwa mvua.

Shaba iko hivi: ikishapigwa mara nyingi inakuwa kaidi. Unaibana shingo, inajifungua tena kidogo ukigeuka. Dawa yake ni moto. Unaipitisha shingo kwenye gesi kidogo tu, inalainika, inakubali. Na moto ukipita unaacha kivuli cha bluu pale shingoni, ndio ujue hili limechomwa na lile bado.

Kabla ya Jumamosi ile ya kwanza, mimi nilikuwa nimechoma nusu ya maganda ya Mama Shiro, gesi ikaisha. Na siku hiyo hiyo kamati ilikuwa inakuja kukagua meza.

Sasa, mimi ni mtu wa kupenda kuonekana, sikatai. Nikamwaga yote kwenye pipa la kuzungusha, yaliyochomwa na yasiyochomwa, pamoja na magunzi ya mahindi niliyosagiwa hapa mtaani. Kwa saa tatu pipa linazunguka. Yakatoka yaking'aa kama hereni za bibi harusi. Mwenyekiti alishika moja akaona uso wake ndani.

Lakini kile kivuli cha bluu kilikuwa kimesuguliwa chote. Hakuna binadamu angejua lipi limeonja moto.

Basi wiki hii nikayachoma yote upya, kila moja kwa hesabu ile ile ya sekunde, na sikung'arisha hata moja. Nekesa mke wangu aliona yale niliyoyapiga picha kwa simu akauliza, "Ni nini hizo, mahindi ya kuchoma ya nani?" Nikamwambia hizo ndizo zitaokoa ugali wako. Akaniambia kwani ugali ni wa nani peke yake.

Jana nikayaweka mbele ya kamati vile vile, meusi-meusi, mabaya kama meno ya mvuta sigara. Gitau akashika kichwa. "Mzee, umechoka ama?"

"Wacha yalie kwanza, bosi. Urembo ni wa kanisani."

Mama Shiro akalala kwenye mkeka. Kumi za kwanza, watu walibaki kwenye viti. Kumi za pili, watu wakaanza kusogea. Karatasi ilipoletwa, risasi zake zote za mwisho zingefunikwa na kifuniko cha soda. Nilirukaruka na hii miguu yangu ya miaka hamsini na miwili. Gitau alitoa kalipa, akapima, akapima tena, halafu akanipa mkono. Mkono wa kweli. Huyo kijana si mbaya, nimwambie Mungu ukweli.

Kisha wakajumlisha.

Mama Shiro akawa wa tano. Alama mbili tu nyuma ya wa nne.

Mwenyekiti akauliza kwa heshima kabisa, Jumamosi ile ya kwanza kulitokea nini, maanake kama ni risasi, lazima kamati ijue. Nilikuwa nimesimama pale, hatua tatu tu kutoka kwake. Mimi, Wafula, nisiyechokozwa nikanyamaza.

Mama Shiro akatangulia. "Mkono ulitetemeka," akasema. "Ni umri. Risasi hazina neno, mmeona leo."

Basi, meza ikabaki. Watu wakanipigapiga mgongo. Nikacheka. Nikasema ile ya bahati ya mkono, wakacheka pia.

Nilimsindikiza hadi kwa gari nikiwa nimembebea mkeka. Alifungua mlango, akaketi, akavaa mkanda. Kofia mpya ilikuwa kiti cha nyuma, bado na lebo.

"Wafula," akasema bila kuniangalia, "upepo husukuma kando. Haupandishi risasi juu na kuishusha."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Zile za kung'aa usiniletee tena."

Akaondoka.

Nimekaa na hayo maneno tangu jana. Nimepika chai mara nne. Nekesa amenitazama akaamua kwenda kanisani peke yake.

Jumatano kamati inakaa, na nitaenda, bila kuitwa. Nitasimama niseme ilikuwa gesi, ilikuwa pipa, ilikuwa mimi. Kama kuna njia ya kumrudishia Mama Shiro nafasi yake, waitafute. Wakitaka kuchukua meza, waichukue, na kufuli zake mbili. Geti nalijua, nilianza nalo.

Ila kitu kimoja sitakubali hata wakinifukuza na mbwa. Wasiseme ni kwa sababu fundi aliachia darasa la saba. Wasiseme hakujua. Mimi shingo ya ganda naijua kuliko kalipa zao zote. Nilijua siku ile nikiwa nimeshika mfuniko wa pipa. Nilijua nikimwaga, nilijua likizunguka, nilijua nikisema upepo.

Kwa hivyo ile ya juu, ya kwamba sijawahi kumharibia mtu hata risasi moja, na mkono uliozaliwa na bahati: ni uongo. Sina bahati yoyote. Nilimharibia Mama Shiro, na akanibeba, nikabebeka.