Magadi Yako na Gundi ya Jino Langu

Mama mpendwa,

Jumanne nilikuwa kwa daktari wa meno, Karatu mjini. Jino lenyewe ni gego la chini, kushoto. Daktari alikuwa na kipande cha kuzibia, kilichotengenezwa Arusha kwa kipimo cha tundu langu. Kilikaa vizuri. Ilibaki kukigandisha, na hapo akalitazama jino kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Alisema meno ya kahawia kama haya yetu ya huku hayashiki gundi kirahisi. Ingebidi aiache asidi ya kulikwaruza jino juu yake muda zaidi, asuuze, akaushe, apake gundi, amulike kwa taa ya bluu. Kipande kikibanduka na jino likapasuka, litang'olewa.

"Na mate yasiguse, dada. Yakigusa tunaanza upya."

Maisha yangu yote ya utangazaji nimeuliza watu maswali. Pale nililala na pamba mdomoni, nikisikiliza mrija ukinyonya mate, nikikuwaza wewe: ulivyong'olewa meno moja moja hadi ukabaki kuponda mahindi kwa fizi, na ulivyocheka umefunika mdomo kwa ncha ya khanga.

Unaukumbuka ule mchana nyumbani Rhotia? Redio ilikuwa dirishani, nawe unachambua maharage. Iliyosikika ilikuwa sauti yangu, katika kipindi nilichokuwa nimekirekodi: magadi tunayotia kwenye maharage, pamoja na maji ya visima vyetu, huwa na floridi nyingi inayoyatia kahawia na kuyaharibu meno ya watoto yangali ndani ya ufizi. Kila neno nilikuwa nimelihakiki. Jirani akakutania kwamba binti yako amekushtaki redioni. Hukucheka. Uliuliza tu:

"Kwa hiyo ni mimi?"

Nikasema chai inachemka, nikaenda jikoni. Jikoni hapakuwa na chai.

Leo ni siku ya tatu. Kipande kimeshika, nadhani. Nakigusa kwa ulimi kila dakika, hata nikiwa namhoji mtu. Daktari ameniruhusu kula chochote. Nimepika makande, na upande wa kushoto bado sijaupa kitu. Naogopa, mama.

Basi nikujibu kwanza. Ndiyo, yalikuwa magadi yako. Na kuni ulizibeba mgongoni kutoka mbali, na bila magadi zisingetosha kuivisha maharage ya watoto sita. Hilo nililijua siku ile. Sikulitangaza.

Sasa natafuna.

Mwanao wa kwanza