Kuhani kwa Marwa

Kolandoto, 4 Februari 2023

Kijana Marwa,

Marahaba. Nakusalimu katika jina la Bwana, nikitumaini huko Geita u mzima. Mimi naishi kwa neema, ingawa tangu mama yake Amosi atangulie nyumba imekuwa kimya. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu: kila niliposhika kalamu, niliiweka tena chini.

Umenieleza kwamba ndiwe uliyeshika kamba mdomoni mwa duara, shimo lenu la dhahabu, siku kifusi kilipomfunika mwanangu Amosi humo ndani. Kwamba uliposikia ardhi ikinguruma uliiachia, ukakimbia. Hukuthubutu kufika msibani, na sasa waomba uje kuhani. Mimi ni Mkristo, nimekusamehe. Lakini nakusihi, kwa heshima, usikanyage uani kwangu.

Wako,
Baba Amosi

Geita, 19 Februari 2023

Baba Amosi,

Shikamoo, Baba. Habari za siku? Mimi sijambo kidogo, ila kikohozi cha vumbi la mawe hakitaki kuniacha.

Nimeelewa, sitakuja. Amosi alizoea kunitania: "Wewe Mkurya, siku ukifika kwetu baba atakuuliza Amri Kumi kabla hujapewa maji." Nilizikariri zote kwa ajili ya siku hiyo. Asante kwa msamaha, Baba. Nilitamani tu kuusikia kwa masikio yangu.

Mwanao,
Marwa

Kolandoto, 2 Julai 2023

Mwanangu Marwa,

Salamu nakupa, ila safari hii siulizi afya yako.

Siku ya Pasaka, mkate wa Meza ya Bwana uliponifikia, nilikumbuka neno langu "usikanyage", nikaupitisha kwa jirani bila kuumega. Hata hivyo kiburi cha uzee kilinizuia mpaka Juni, ndipo nikakuandikia uje. Barua ile aliichukua Eustace, jirani yetu mwenye lori la mpunga. Juzi ameirudisha haijafunguliwa. Asema kifua kilikushinda, na kwamba alikuta udongo wa kaburi lako ungali mbichi. Wenzako walimwambia hakuna mzazi aliyefika kuhani.

Basi naja mimi. Nitaketi chini pamoja nao, kisha kaburini nitakutamkia kwa sauti lile ulilotamani kulisikia. Uniwie radhi kwa kuchelewa, mwanangu.

Barua hii haina mchukuzi mwingine. Nimeitia katika mfuko wa koti langu, na kesho Eustace ataniweka kiti cha mbele.

Baba yako,
Benjamini