Ndege ya Vita ya Baba Yako

Mwanangu kipenzi,

Hujambo huko? Kifua kimeacha kukubana? Unakula, au ni chai tu na kukimbilia kazini? Sisi huku tu wazima wa kulala na kuamka, mgongo wangu ndio ule ule, na baba yako angekusalimu kama angejua kwamba nakuandikia. Ameenda kwa kinyozi, na kinyozi yule akianza kusema hamalizi, basi nina nafasi. Mwandiko uuvumilie. Kwenye simu sithubutu, maana baba yako siku hizi anasikia hata sindano ikianguka uani.

Nataka kusema juu ya ule mwaliko. Umemwita aje kurusha ndege yake kwenye sherehe ya kiwanda chenu, kwa kuwa wakubwa zako waliiona ile video yake akiirusha wakapiga makofi. Mwanangu, nakuomba usimtumie tiketi. Najua utasema mama na wasiwasi wake. Ni kweli, wasiwasi nimezaliwa nao, lakini nisome mpaka mwisho.

Ulipomletea ile ndege ya kuchezea, ya rimoti, mimi ndiye niliyenuna. Nilisema mzee mzima, fundi wa makochi, anachezea ndege ya vita vya watu waliokwisha kufa, nyepesi kama boksi la mayai, imechorwa meno puani! Kinyozi akampachika jina Komandoo, kila akipita anamuuliza leo anashambulia nchi gani. Yeye anacheka tu. Betri anaichaji kama mtu anayechemsha maziwa, habanduki hapo. Jumapili anakwenda zake uwanja wa nyuma ya kinu cha unga, na nikitaka kumfuata ananifukuza, ati kelele zangu zitamtia mkosi.

Mwaka huu akaanza kuniomba twende wote. Nikafurahi kama mwali, nikavaa hata viatu vya kutokea. Kumbe nimeitiwa kazi. Ndege ikishapaa, ananiuliza iko wapi sasa. Nikadhani ananitania. Nikawa namjibu iko juu ya kinu, inageuka, inarudi kwetu. Siku moja inatujia usoni, naiona inaelekea nyaya za umeme, nikapiga kelele kushoto, kushoto! Akaipeleka kushoto, nayo ikaenda kulia, ikajitia kwenye mashuka aliyoanika jirani muuza mikate. Kumbe ikikujia usoni, kushoto kwake ni kulia kwako, nami ningejulia wapi? Yule jirani akatoka, akasema vita viliisha zamani, mbona tunampiga mabomu mpaka kitandani. Tukacheka wote. Baba yako akaenda kuiokota. Mwanangu, ilikuwa imelala majanini, meno yote nje, na baba yako akaipita. Akarudi, akaipita tena, akaikanyaga mkia. Kicheko kikanikauka mdomoni.

Tulipofika nyumbani alisema jicho moja halioni kitu, na la pili ni kama anatazama ndani ya chupa ya maziwa. Ndiyo maana lile kochi la mwalimu lilirudishwa, mshono umepinda, akasingizia uzi. Akaniapisha nisikwambie. Alisema ukijua utaacha kazi urudi, na hakukusomesha ili uje kumshika mkono. Kwa daktari hataki hata kusikia. Anasema akiambiwa basi, itakuwa basi kweli.

Nikaapa. Akanifundisha nijifanye nimekaa ndani ya ndege, mimi ambaye nikipanda kiti kutundika pazia naona kizunguzungu, niseme kushoto kwa rubani, si kushoto kwangu. Tukazoea. Ile video aliyokutumia kinyozi, ukacheka kwamba mama hata angani hafungi mdomo, mikono ni ya baba yako, macho ni yangu.

Nimechoka, mwanangu. Shingo imekaza kwa kutazama juu. Jikoni nasema kisu hicho hapo, mlangoni nasema kizingiti hicho, na mbele za watu najifanya mke mwenye mdomo ili wasimjue. Sasa ameshapiga pasi shati la safari, ameliunguza mgongoni, na sijamwambia. Anasema huko, bila mimi, ataisikiliza mota, haitampotea. Ataisikiaje na muziki wa sherehe? Lile panga linalozunguka puani mwa ndege linakata kidole, na hapo patakuwa na watoto wa watu. Na akiaibika mbele ya wakubwa zako, hatainuka tena. Namjua.

Njoo wewe. Sikwambii uache kazi, njoo siku chache tu, umpeleke kwa daktari wa macho. Mimi nikimwambia ananiuliza udaktari nimesomea wapi, lakini wewe hajawahi kukukatalia neno. Akikuuliza nani amekwambia, usitunge uongo. Mwambie ni mama. Kiapo nimekivunja mimi, na maneno yake nitayapokea mimi.

Wasalimie wote unaokaa nao, na kifua ukifunike vizuri kukiwa na baridi. Namsikia amerudi, anapapasa mlango, hajalipata komeo. Ngoja nikamfungulie.

Ni mimi,
mama yako.