Wanaoniita Mama Mvua

Jumatatu, 4 Machi

Nimekuwa picha. Ndiyo, mimi! Mama mkwe kaniita kutoka uani, simu ya jirani mkononi: njoo ujione. Nikajiona. Nimeinama juu ya meza ya kupigia pasi pembeni mwa barabara, mvua inanipiga mgongoni, turubai lote nimewafunikia wateja nguo zao. Chini ya meza mama mkwe amejikunyata kama mzigo. Binti yangu hayumo — alikuwa shule, Mungu ashukuriwe.

Aliyepiga ni dada mmoja mwenye kamera. Alipita wiki jana akauliza natoka wapi. Nilimwambia ukweli tu: tulikimbia vita, mume wangu alifia njiani, nimebaki na mama yake. Jina hakuuliza. Sasa watu kwenye simu wananiita Mama Mvua.

Mama mkwe kanuna kutwa. Anasema mguu wake umetoka vibaya pichani.

Jumamosi, 16 Machi

Dada wa Kamera kaja mbio. Watu wanachanga! Watu gani? Wowote, anasema, wa hapa na wa ng'ambo, kila mtu kidogo chake kwa simu. Akanionyesha jumla. Nikadhani kakosea nukta. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Nikaenda kulia chooni, maana kwetu ndiko pekee kwenye mlango.

Nilipomsimulia Mzee Pasi alicheka mpaka akakohoa. Huyu ndiye dobi wa mtaa tangu enzi. Tulipofika hapa hatuna mbele wala nyuma, yeye ndiye aliyenipa kona ya kibaraza chake, akaniazima na pasi yake ya akiba. Kaa hapo, alisema, watu hawataacha kuchafua nguo. Leo kasema: haya tajiri, usitusahau.

Nimsahau vipi!

Alhamisi, 11 Aprili

Nimefungua duka. Duka langu! Liko ng'ambo ya barabara, linatazamana na kibaraza cha Mzee. Sikupenda liwe hapo, lakini mahali pengine hapakupatikana — wenye nyumba wakishasikia lafudhi yangu tu, chumba kimeshapangishwa jana. Mashine za kufulia, pasi za mvuke, kaunta, kioo kikubwa mbele. Nimeajiri akina mama wawili tuliokimbia nao, na dada mmoja mwenyeji mwenye mdomo na mikono myepesi.

Watu wamefurika. Wananikumbatia. Wengine hawana hata nguo ya kufua, wanataka picha. Mama mmoja kavua sweta lake hapo hapo: nifulie hili, nikawaambie wenzangu kwamba nimefuliwa na wewe.

Mzee Pasi alivuka kunitakia heri. Akazipapasa mashine, polepole, kama mtu anayepapasa ng'ombe wa mwenzake. Akasema zinapendeza. Akarudi kwake.

Jumapili, 5 Mei

Biashara ya pili imeanza, kushona sare za shule, chumba cha nyuma. Dada wa Kamera kaweka habari kwenye simu, pongezi zimemiminika. Nilidhani Binti atafurahi. Wapi! Shuleni wamempa jina: Mchango. Mchango, leta kalamu, hata hiyo ni yetu. Anataka kuhama.

Nimemwambia avumilie. Kanijibu bila kuniangalia: "Uliyepigwa picha ni wewe, mama. Si mimi."

Nikaendelea kukunja sare.

Jumanne, 4 Juni

Nimenunua viatu. Viatu tu! Kuna mtu kanipiga picha natoka dukani na boksi. Binti amenisomea yanayosemwa mpaka nikamwambia basi. Tulichanga ale, si ajirembe. Mkimbizi anaajiri, sisi wenye nchi tunazurura. Kanenepa. Aonyeshe risiti. Mmoja alinitetea, akasema ni mtu kama sisi — wakamrukia yeye.

Na wetu nao. Binamu wa marehemu, hatujasikiana tangu tukimbie, katuma sauti: umetusahau tulio kambini. Nikamtumia chochote. Leo wamepiga wengine, wote binamu. Mmoja hata jina la marehemu kalikosea. Huyo nimemkatia, kisha nikawaza: je, kama ana njaa kweli?

Viatu viko juu ya kabati. Na vinabana, isitoshe.

Ijumaa, 21 Juni

Kibaraza cha Mzee Pasi kimekaa kitupu siku nzima. Nimekiona kupitia kioo changu, siwezi kusema sikukiona. Kakaa, miguu pamoja, pasi imepoa. Mwalimu mmoja, mteja wake wa siku zote, akampita na mfuko wa mashati akaja kwangu. Nikamwambia mpelekee Mzee. Akacheka, alidhani natania. Kwako ni kununua na kusaidia hapo hapo, kasema. Kusaidia!

Alasiri nikavuka. Nikamwambia Mzee aje kwangu, awe mkubwa wa kazi, achague meza. Hasira hakuwa nazo, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mwanangu," akasema, "mvua ile ilininyeshea na mimi. Ila mimi hakuna aliyenipiga picha."

Nikasema basi nitahama.

"Uhamie wapi? Nani atakupa chumba?"

Kweli. Nani? Akaniambia rudi, wateja wanakusubiri. Nikarudi. Walikuwa wananisubiri.

Jumatano, 10 Julai

Kioo kimepigwa jiwe. Hakijaanguka, kimekuwa kama utando wa buibui. Ukutani wameandika kwa rangi: RUDI KWENU. Dada mwenyeji kasugua kwa petroli, analia kuliko mimi. Akina mama wawili hawakuja kazini. Siwalaumu. Tuliyoyakimbia yalianza hivi hivi, kwa rangi ukutani.

Dada wa Kamera kaja na wazo. Tupige picha nyingine: meza ile, barabarani, nguo zile zile. Mvua kama haipo atanimwagia maji. Watu wakikuona kama zamani watatulia, kasema. Nikamwambia gauni lile tumeshalikata matambara. Basi tafuta linalofanana. Ana nia njema, najua. Amenifaa kuliko ndugu. Nikawa hata nafikiria kukubali! Mama mkwe akanitangulia:

"Kwa hiyo ili mtupende, lazima tukimbie upya?"

Dada akafunga begi lake. Kaaga kwa sauti ndogo. Sijui kama atarudi.

Kwa Mzee kumefungwa tangu juzi. Wanasema ni kifua.

Alhamisi, 11 Julai

Mzee Pasi amefariki. Alfajiri, hospitalini.

Nilitoka niende kutoa pole. Nikafika hadi kona ya kwao, nikasikia vilio, nikawaona wanawe wawili getini. Miguu ikageuka yenyewe.

Kwenye simu wanasema nimemuua mimi. Kuna aliyetupiga kwa mbali, wote wawili katika picha moja: mimi nyuma ya kioo, yeye kwenye kibaraza. Picha nzuri. Imesambaa kuliko ile ya kwanza.

Ijumaa, 12 Julai

Asubuhi nilikuwa nimefungua mlango nusu. Akaingia mke wa Mzee, peke yake, kakumbatia mfuko. Nikasimama. Akatoa suti. Nyeusi, ya harusi yao, imejikunja kama karatasi iliyokaliwa.

"Anazikwa nayo leo mchana. Ninyoshee."

Nikamuuliza — sijui kwa nini niliuliza — mbona kwangu?

"Nimpelekee nani? Mtaa mzima umebaki wewe."

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya. Nikakataa hela yake, akaiweka kaunta akaisukuma: mume wangu hakupenda vya bure. Mlangoni akageuka: "Uilete mwenyewe. Usitume mtu."

Nikamruhusu dada mwenyeji aende nyumbani. Suti ilikuwa inanuka naftalini. Nikaanza na kola, nikashuka mikononi. Mume wangu nilimzika na shati la tope, mbio mbio, tukichimba kwa vigae, hata vifungo sikumfunga. Leo nimefunga vya mume wa mwenzangu, kimoja kimoja, juu ya hanga. Nikalia nikiwa nimesogea mbali na meza, machozi yasiguse kitambaa. Kitambaa cheusi kinaonyesha kila kitu.

Suruali imekaa mstari. Koti linapoa, ndipo nimepata kuandika.

Mama mkwe ananisihi nitume mtu. Nimemwambia siwezi. Kavaa ushungi wake, anasema basi tunakwenda wote. Binti naye kachana nywele, hajaenda shule.

Sasa hivi nimechungulia. Wana wa Mzee wako ng'ambo, kwenye kibaraza. Nyuma yao watu, na wanaongezeka. Mkubwa anatazama huku tu. Mdogo ameinua simu, ameielekeza mlangoni. Sijui wamekuja kupokea suti ya baba yao au kunizuia nisifike. Mama yao simwoni.

Koti limepoa. Binti amelitoa kwenye hanga, kalilaza juu ya mikono yake miwili lisipate mkunjo. Nimemwambia nipe mimi. Hataki. Ameshausukuma mlango kwa bega, yuko kizingitini, ananisubiri. Naweka kalamu, nachukua suruali, namfuata.