Maji ya Bomba na Maji ya Mvua

Jumatatu, 3 Juni 2013

Nimerudi Juru, huku kambini, na vumbi mpaka masikioni. Mama Eugénie aliniita kwake Biharwe — samaki wa bahari wanakufa. Tangi la kioo ni la marehemu mume wake, Bonaventure. Aliwatoa Mombasa, akawatengenezea bahari sebuleni kwa chumvi ya pakiti. Mama anasema: mwalimu Appolinaire, ulifundisha biolojia Uvira, utaona shida iko wapi. Mwalimu! Siku hizi nalima maharage. Nilifurahi mingi.

Kila mgeni ana dawa yake: ongeza chumvi, badilisha chakula, punguza taa. Wanabadilisha yote pamoja, halafu hakuna anayejua kitu. Mimi nashuku ile dawa ya kuua vijidudu wanayotia kwenye maji ya bomba.

Alhamisi, 6 Juni

Tumeanza. Matangi mawili madogo, sawasawa. Chumvi ile ile, nimeipima. Taa ile ile, chakula kile kile. Tofauti moja tu: A maji ya bomba, B maji ya mvua. Samaki nimewagawa kwa kurusha sarafu, nisipendelee. Mama ndiye anayehesabu pumzi zao, kwa hiyo sikumwambia tangi lipi lina maji yapi — jicho huona linachotaka kuona. Kazi safi!

Yule mkubwa wa rangi ya chungwa, aliyekuwa anakula mkononi mwa Bonaventure, ameangukia A.

Jumatano, 12 Juni

Mama kapiga simu. Wadogo wa A wamekufa. Mkubwa anahema, amelala ubavu. Wa B wazima. "Mwalimu, nimtoe huyu mmoja tu, nimtie B." Nikasema hapana, Mama, ukimhamisha umeharibu yote. Akasema: "Haya. Wewe ndiye unajua."

Nilijua, kweli: A ni ya bomba.

Ijumaa, 14 Juni

Amekufa.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya ibada nilipanda kwenda Biharwe. B wanaogelea, wanagombania chakula. Maisha yangu yote sijapata jibu wazi namna hii, na sikuweza kulitazama. Mama alilia kama siku ya mazishi. Nikamwambia: A yalikuwa maji ya bomba.

Akajifuta uso. "Usijisumbue, mwalimu. Ni sarafu iliamua. Hata wewe ulikuwa hujui."

Nikafungua mdomo. Akaniwekea chai. Nikanywa.

Wale wadogo walikuwa wametosha! Jumatano jibu lilikuwa tayari mkononi, ningesema tu mtoe. Lakini nilitaka likamilike. Kwa ajili ya nani? Nani huku Juru ataniuliza?

Jumanne, 18 Juni

Mama kapiga tena, sauti nyepesi. Samaki wa tangi B wameota madoa meupe, wanaumwa. Amepata dawa Mbarara, lakini hataki kubahatisha: wengine wapewe, wengine wasipewe, "vile vile ulivyonifundisha." Pale kanisani amewaambia kina mama kwamba ana mwalimu asiye na upendeleo.

Nilitaka kumwambia. Nikasema, Mama, juu ya ile A… Akanikata: yaliyopita yamepita, njoo Ijumaa.

Nikasema ndiyo. Nimeenda shambani, nimerudi bila jembe.

Sasa hivi ameandika ujumbe. Anasema samaki mkubwa kuliko wote waliobaki amempa jina, apate kumzoea. Amemwita Appolinaire.